W Zisizo na Mwenyewe

Kila Alhamisi saa nne asubuhi, msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji aliomba ruhusa ya nusu saa, akavuka barabara mpaka maktaba, na kubandika ubaoni karatasi yenye kichwa "Maoni ya Msomaji". Aliibandika kwa pini nne, moja kila pembe, na pini iliyopinda aliinyoosha kwa meno. Ile ya wiki iliyopita aliikunja mara mbili na kuitia mkobani. Watu walimwita Bi Nukta, kwa sababu hakuwahi kupita mbele ya sentensi isiyo na nukta bila kusimama, na kwa sababu riwaya hakuzipa nyota kama wafanyavyo wengine. Alizipa nukta. Nukta tano ni kitabu cha kuunguza mboga. Nukta moja ni kitabu cha kuzuilia dirisha lisigonge.

Alisoma riwaya za upelelezi, na hasa zile za siku hizi zinazoitwa za taharuki ya nyumbani, ambamo hakuna jambazi wala bastola, ila mume, mke, jiko safi na kitu kilichofichwa. Alizisoma tatu kwa wiki na hakuwa na huruma nazo. Kuhusu *Jirani wa Namba Tisa* aliandika: "Mume ndiye. Nilimjua ukurasa wa arobaini, alipomletea mkewe chai bila kuombwa. Siku hizi mume wa kitabuni akileta chai, kaeni chonjo. Nukta mbili." Kuhusu *Kabati la Bafuni*: "Msimulizi hakumbuki alichofanya jana, wala juzi, wala siku ya tukio. Mtu asiyekumbuka chochote aende hospitali, asitusimulie kurasa mia tatu. Nukta moja na nusu." Kuhusu *Mke wa Ghorofa ya Pili*: "Mama mkwe alijua tangu mwanzo. Mama mkwe hujua siku zote. Sielewi kwa nini polisi wa vitabu hivi hawaanzi naye, wakamaliza kazi mapema wakaenda zao. Nukta tatu, kwa sababu nililia kidogo."

Mkutubi, mwanamke mrefu aliyezungumza kwa kunong'ona hata akiwa sokoni, alisema karatasi ile inaazimisha vitabu kuliko yeye. Wasomaji walisimama mbele ya ubao wakabishana. Walikuwapo waliochukia kutajiwa muuaji mapema, na hao ndio waliowahi kufika kila Alhamisi.

Rasimu za maoni hayo alisomewa kwanza mdogo wake, mwalimu wa chekechea, ambaye aliolewa miaka kumi na moja iliyopita na fundi wa miwani. Bi Nukta mwenyewe hakuolewa na hakuona sababu ya kulieleza jambo hilo. Shemeji yake alikuwa mtu mpole, mwenye vidole vyembamba, na miwani yote ambayo Bi Nukta aliwahi kusomea ilitoka mikononi mwake. Mdogo wake alikuwa akisikiliza maoni na kucheka mahali panapostahili, ila hakuwa akisoma riwaya hizo. Alisema zinamchosha.

Basi mwezi ule Bi Nukta aliingiwa na kero mpya. Aliona waandishi chipukizi wana mchezo mmoja. *Aliuawa. Alifungiwa. Alisukumwa.* Ukiuliza "na nani?", mwandishi amenyamaza kurasa mia tatu. Aliandika ubaoni: "Hii si taharuki, ni uvivu. Kitenzi kikishavaa w kinadai mwenyewe. Waandishi hawa wanatuficha muuaji nyuma ya herufi moja, wanadhani hatuioni. Kuanzia leo, kila w isiyo na mwenyewe nitaizungushia penseli."

Akazizungushia. Ni kosa kuandika ndani ya vitabu vya maktaba na alilijua, ila alitumia penseli laini ya kazini, ile inayofutika, akajiona hana hatia. Katika riwaya moja tu ya kurasa mia tatu na kumi alizungushia w mia mbili na kumi na nne, na w hizo zikaondoka.

Hazikuondoka kwa kishindo. Jumamosi asubuhi, alipofungua kitabu kutafuta alipoishia, ndani ya kila duara palikuwa peupe. Mahali palipoandikwa kwamba marehemu alisukumwa kutoka kibarazani, sasa marehemu alisukuma kutoka kibarazani, na haikujulikana alisukuma nini. W zenyewe zilikuwa sakafuni, zimekusanyana karibu na mguu wa meza kama makapi ya majani ya chai. Bi Nukta alichukua ufagio, akazizoa, akazimwaga dirishani. Alichowaza wakati ule ni jinsi atakavyomweleza mkutubi.

Jumatatu w zilikuwa mjini.

Kibanda cha chakula kilicho mkabala na kiwanda kilikuwa na kibao, *Tunapika kila siku*. Asubuhi ile kilisomeka *Tunapikwa kila siku*. Mpishi alikitazama akasema, "Kwa joto hili wala si uongo," akakipangusa kwa kitambaa kibichi, w ikatoka. Duka la mayai lilisomeka *Tunauzwa hapa*, na mwenye duka hakufuta mpaka mchana, kwa sababu wateja walikuwa wakiingia kumuuliza yeye ni wa leo au wa juzi. Fundi cherehani alitangaza kwamba anashonwa suti. Mlangoni mwa posta paliandikwa *Tunafungwa saa kumi*, na karani mmoja aliyekuwa na wasiwasi wake binafsi akaomba likizo.

Ofisi ya mji ilitoa tangazo kwamba wananchi wanaombwa kufuta w zote zilizoingia bila idhini. Bi Nukta alilisoma ukutani. "Wanaombwa na nani?" aliuliza. Mzee aliyekuwa nyuma yake akamwambia asogee, na wenzake wasome.

Kitambaa kibichi kilitosha kwa karibu zote. Zilifutika hapa, kesho zikatua pale. Ni moja tu iliyoleta ubishi, ya chuo cha udereva, kilichokuwa na kibao *Tunafunza udereva* na sasa kilisema *Tunafunzwa*. Mwalimu alifuta kwa maji, akafuta kwa mafuta ya taa, akakwangua kwa kisu, mwisho akapaka rangi. W ikajitokeza juu ya rangi. Baada ya siku tano ikajulikana kwamba mwalimu mwenyewe hajawahi kufaulu mtihani, na kila jioni alikuwa akifunzwa na mmoja wa wanafunzi wake. Watu walisema kumbe, wakaendelea kwenda kwake, maana yuko karibu na soko na si mkali.

Habari hiyo haikumkaa vizuri Bi Nukta kichwani. W nyingi zilikuwa za utani, na zilifutika. Ile moja ilikuwa na ukweli ndani yake, na haikufutika. Alijaribu kuitungia kanuni, maana kazi yake ni kanuni, akaandika mistari mitatu nyuma ya bahasha. Kisha akajiuliza habari za w ambazo hazijajaribiwa kitambaa, akaifuta mistari yote mitatu. Kichwa kilimuuma. Alizoea maandishi yenye makosa. Maandishi yenye makosa yaliyo sahihi yalikuwa mapya kwake.

Jumanne iliyofuata mdogo wake alikuja kiwandani akiwa na mkono wa kushoto ndani ya plasta, tangu kiganja mpaka kiwiko. Alikaa kwenye kiti cha wageni, kati ya marundo mawili ya kadi za harusi zilizosubiri kusahihishwa.

"Ngazi za jikoni, dada," alisema kabla hajaulizwa. "Kulikuwa na maji."

"Jikoni kwenu kuna ngazi mbili tu."

"Mbili zinatosha."

Alitoa kadi ya hospitali. Karani wa kule, mwandishi wa haraka haraka, alikuwa ameandika: *Mgonjwa amevunja mkono wa kushoto akiwa nyumbani.* Ila w ilikwishaingia, imejibana kati ya j na a kama iliyokuwapo tangu mwanzo, na kadi ilisema: *Mgonjwa amevunjwa mkono.*

Mdogo wake alieleza shida yenyewe. Mwalimu mkuu hawezi kumrudisha darasani mpaka kadi iingie kwenye faili. Fomu ya wilaya, mtu akiwa *amevunja*, ina kisanduku kimoja, cha tarehe. Akiwa *amevunjwa*, kinafuata kisanduku cha pili, kinachouliza *na nani*. Kisanduku kikibaki kitupu, faili halipokelewi. Kikijazwa, faili linakwenda polisi. Mwalimu mkuu, mtu wa utaratibu, alisema hana upande katika jambo hili: ama mwenyewe ajazwe, ama w itoke. Ametoa siku saba. Baada ya hapo darasa atapewa mwingine.

"Nisahihishie," alisema mdogo wake. "Wewe si ndiyo kazi yako?"

Bi Nukta alichukua kitambaa kibichi. Haikutoka. Alichukua kifutio, kisha wembe anaoutumia kukwangulia herufi bila kutoboa karatasi, kisha ule wino mweupe wa kufunika makosa. W ilisubiri wino ukauke, ikapanda juu yake, nyeusi na nadhifu.

Akaitazama. Alijua anachokitazama. Halafu hakujua tena. Mtu aliyemshika muuaji kila mara kabla ya ukurasa wa arobaini alikaa mbele ya neno moja na mdogo wake wa kuzaliwa, na hakuthubutu kusoma.

"Niachie," alisema. "Nitakuja nayo Jumapili."

Jumapili alikwenda. Nyumba ya mdogo wake ilikuwa safi, na viti vilipangwa sawasawa na mistari ya sakafu. Shemeji alimpokea mlangoni, akamvua miwani usoni kama ilivyokuwa desturi yake, akaisafisha kwa kitambaa chake laini, akamrudishia.

"Shemeji unatembea na vumbi la mji mzima," alisema. "Unaonaje sasa?"

"Naona vizuri."

Mezani alimkatia mkewe nyama vipande vidogo vidogo, kwa sababu mkono mmoja hauwezi kisu na uma. Baada ya chakula alileta chai, ya mkewe kwanza. Aliulizia riwaya za wiki. Bi Nukta akamwambia ya wiki hii ina mume anayehesabu vijiko kila siku.

"Hizo riwaya zako, shemeji," alisema akicheka taratibu, "mwisho utaona maiti kwenye kila kabati."

Bi Nukta naye alicheka. Alikuwa akiutafuta ukurasa wa arobaini wa nyumba ile na hakuuona. Mbele yake palikuwa na mwanamume anayemkatia mkewe nyama. Alijilaumu kwa mawazo aliyokuja nayo, kisha akajilaumu kwa kujilaumu, na chai ikapoa.

Kalenda ilikuwa ukutani nyuma ya mlango wa jikoni. Mdogo wake, tangu akiwa binti, alizoea kuandika neno moja mawili kwenye kila siku ya kalenda. Bi Nukta alisogea kuyasoma kwa sababu hajui kupita karibu na maandishi. Mwezi wa pili: *Nimefichwa simu.* Mwezi wa tatu: *Nimekatazwa wageni.* Mwezi wa tano: *Nimechomwa mkono.* Mwandiko ulikuwa wa mdogo wake, ila w zilikuwa nyeusi zaidi kuliko herufi nyingine. Na kuzunguka kila w karatasi ilikuwa imechakaa na kuwa nyembamba, mahali pengine mpaka ukuta ulionekana, kama karatasi iliyofutwa kwa maji mara nyingi sana.

"Na humu pia zimeingia," alisema shemeji nyuma yake. Sauti yake haikuwa na haraka. "Kila asubuhi nazifuta. Zinarudi."

"Umejaribu nini?"

"Maji. Spiriti ya kusafishia lenzi." Akainua mabega. "Lakini kazi ndiyo hiyo, kufuta. Sote tunafuta siku hizi."

Bi Nukta alisema ndiyo, sote tunafuta. Shemeji alitoka kwenda kumwagilia maua, na kwa dirisha walimwona akiinama juu ya kila mche.

Mdogo wake alikuwa akiosha vikombe kwa mkono mmoja, akivigandamiza kwenye ukuta wa sinki ili visiteleze.

"Ile w haifutiki," alisema Bi Nukta.

"Basi tafuta namna."

"Mdogo wangu, ni ya kweli?"

Mdogo wake alisuuza kikombe akakigeuza juu ya kitambaa. "Dada, ukiniuliza hivyo itabidi nikujibu. Nikikujibu, wewe utaondoka na hilo jibu saa kumi na moja. Mimi nitabaki nalo humu ndani."

"Njoo ukae kwangu."

"Kwako ni hatua mia tatu kutoka dukani kwake."

"Tuhame wote."

"Tuhamie wapi?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyekwisha kupitia ramani yote. "Sikiliza. Saa mbili asubuhi mpaka saa tisa mchana nina watoto thelathini na wawili. Wananipigia kelele, wananifutia kamasi kwenye sketi. Saa saba hizo ni zangu. Darasa likipewa mwingine nitakuwa hapa, dada. Hapa, kutwa. Nisahihishie."

Bi Nukta alitaka kulia, na aibu ndiyo iliyomzuia. Kwa miaka mingi aliwacheka wanawake wa vitabuni ambao hawafungui mlango wakatoka. Aliwahi kumpa mmoja wao nusu nukta. Sasa alisimama katika jiko lenye milango miwili, yote wazi, na hakujua amwambie mdogo wake atoke kwa upi.

Jumatatu aliomba ruhusa, akaenda hospitali. Karani wa kumbukumbu alikuwa na meza ndogo iliyozungukwa na mafaili, na kitambaa kibichi kilichotundikwa kwenye msumari. Aliitazama kadi bila kuigusa.

"Bi mkubwa, mwezi huu tumepata arobaini na moja za namna hii. Amechomwa, amevunjwa, amepigwa. Thelathini zilitoka kwa kitambaa."

"Na kumi na moja?"

"Ziko kwenye droo."

"Na wenyewe?"

"Wako nyumbani." Alisema hivyo bila ubaya, huku akitafuta kalamu. "Ukiweza kuisahihisha, isahihishe wewe. Andika jina lako pembeni, mimi nitaigonga muhuri. Mwandiko wako ni mzuri kuliko wetu."

Bi Nukta alikaa kwenye benchi la korido, kadi juu ya paja. Alimtazama mama mmoja akimfunga mtoto viatu, mguu wa kulia kiatu cha kushoto. Hakumwambia. Alikuwa akifikiria neno *amevunja*. Neno lenyewe halikumpendeza tangu mwanzo. Lingepita mikononi mwake kazini angelikata bila kusita, kwa sababu mtu havunji mkono wake kama avunjavyo kuni. Mkono huvunjika. Sahani huvunjika, mlango hufunguka, ufunguo hupotea, nguo huchanika, na nyumba nzima huweza kuishi miaka kumi na moja kwa vitenzi vya namna hiyo bila mtu yeyote kufanya chochote. Hakuna w inayoweza kukaa humo. Haina pa kushika.

Alichomoa kalamu. Akakata *amevunja*, pamoja na mgeni wake, kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika *amevunjika*.

W iliachia neno lililokatwa, ikapanda kwenye neno jipya. Ilijaribu kati ya j na i. Ilijaribu kati ya k na a, ikakaa kidogo, ikateleza. Ilizunguka ukingo wa kadi mara moja kisha ikaanguka kwenye sketi yake. Bi Nukta aliipangusa kwa kiganja, ikaenda chini ya benchi pamoja na vumbi jingine la korido. Pembeni ya neno aliandika jina lake kamili, ambalo hata wafanyakazi wenzake hawalijui.

Ulikuwa usahihishaji safi kuliko wote aliowahi kufanya. Alijiona fundi na alijiona msaliti, na hakuweza kuamua ni lipi lililomfanya ashindwe kuinuka kwa robo saa.

Karani aligonga muhuri. Mwalimu mkuu aliisoma kadi mara mbili, akasema hiki ndicho Kiswahili, akajaza tarehe kwenye kisanduku kimoja na kulifunga faili. Jumatano mdogo wake alirudi darasani. Watoto walichora samaki na magari juu ya plasta yake mpaka pakakosa nafasi.

W zilibaki mjini na watu wakazizoea. Kila mwenye kibao aliweka kitambaa karibu, na Ijumaa mchana, kabla ya kufunga, wenye maduka walitoka nje wakafuta kwa pamoja huku wakiongea. Chuo cha udereva kiliacha kufuta, kikaandika kibao kipya kwa rangi nzuri, *Tunafunzwa*, na wanafunzi wakaongezeka. Bi Nukta aliacha kuzungushia penseli. Mkutubi hakumlaumu kwa mashimo ya vitabuni. Alisema wasomaji wengi hawakuyaona, na walioyaona walidhani ni mtindo.

Alhamisi moja mdogo wake alikuja maktaba baada ya kazi. Hakuwa amewahi kuja.

"Nitafutie kitabu ambacho mume siye," alisema.

Bi Nukta alidhani ni jambo la dakika mbili. Alipita rafu nzima ya riwaya mpya, kidole kikienda juu ya migongo ya vitabu. Huyu ndiye. Huyu ndiye. Huyu alimsaidia aliye ndiye. Huyu siye lakini alijua. Mkutubi alikuja kumsaidia kwa kunong'ona. Katika vitabu hamsini na viwili walipata kimoja, kipo chini kabisa, hakijaazimwa tangu kifike. Muuaji ni mpima ardhi. Mume wa mle hana kosa tangu mwanzo mpaka mwisho, na anampenda mkewe kwa namna ya kawaida, bila hotuba.

Mdogo wake alikisoma kwa wiki moja, wakati watoto wakilala mchana. Alhamisi iliyofuata alikirudisha, akakiweka mezani kwa uangalifu. Plasta ilikwishatolewa, na mkono ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake.

"Umekionaje?" aliuliza Bi Nukta. Alikuwa na karatasi tayari, maana alinuia kuyaweka maoni hayo ubaoni.

"Kizuri. Kimeandikwa vizuri." Mdogo wake alikivuta kitabu karibu. "Ila nadhani nakala hii ina kasoro. Nyie wa viwandani mtajua zaidi."

"Kasoro gani?"

"Ukurasa wa mia mbili na kumi. Mke anaangusha bakuli la mama mkwe, linavunjika. Mume anasikia, anakuja jikoni. Anaokota vipande, anaviweka kwenye gazeti. Halafu ukurasa unaofuata wamekaa wanakula." Alifungua kitabu, akamwonyesha kwa kidole. "Nimerudia mara nne. Hapa katikati kuna karatasi imeruka."

Bi Nukta alivaa miwani, akakichukua kitabu. Alifanya kama afanyavyo kazini: akaukunja mgongo wa kitabu, akatazama uzi wa mshono, akahesabu moja moja karatasi za kila fungu lililoshonwa, akasoma namba chini ya kila ukurasa. Mia mbili na tisa. Mia mbili na kumi. Mia mbili na kumi na moja. Mume aliokota vipande, wakala.

Alipoinua kichwa ili amwambie, shemeji alikuwa amekwisha kufika mlangoni kumchukua mkewe, ametoka kazini, anatabasamu. Alimsalimia Bi Nukta kwa mkono kutoka mbali, kwa heshima ya maktaba, akampokea mkewe mkoba. Mdogo wake alikuwa akimtazama dada yake, akisubiri jibu kuhusu kitabu.

"Ni kweli," alisema Bi Nukta. "Imeruka."

"Nilijua," alisema mdogo wake, akafunga kifungo cha sweta, akatoka na mumewe.